Mama Mkwe wa Saruji

Ukifika kwangu hapa Bugene usijisumbue kupiga hodi, nitakuwa nimeshakuona. Nimesimama mlangoni upande wa kushoto, nimesimama tena upande wa kulia, saruji tupu kuanzia kilemba hadi vidole vya miguu, na paa la baraza nimelibeba kichwani. Yule wa kweli, mwenye magoti yanayolia akiinuka, utamkuta jikoni anamenya ndizi.

Wa kulaumiwa ni mwanangu wa kiume. Yuko Mwanza, kazi yake kuchora nyumba za watu. Mimi shule niliipita tu kwa nje nikienda kuchota maji, lakini huyu nilimsukuma mpaka akasoma, na sasa ananilipa kwa kunifundisha. Akipiga simu haongei, anahubiri. "Mama, baraza yako haina mizani. Mama, jicho la mtu likifika kwenye nyumba linatafuta mahali pa kupumzika." Namwambia jicho langu likitaka kupumzika nalifumba.

Baraza ya zamani ilishikiliwa na miti ya mkaratusi, na mchwa walikuwa wameshaifanyia karamu. Nikaomba miti mingine. Miti tu. Mwanangu akasema hapana, safari hii utawekewa nguzo za heshima, akatuma picha kwenye simu ya baba yake, mzee wangu. Mzee wangu akaitazama, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akavua miwani, akaivaa tena. Maneno yake huyapima kama dawa ya mtoto. Akasema, "Ni wanawake."

Walikuwa wanawake kweli. Wa mawe, wamesimama kwenye nyumba moja ya kale huko Ugiriki, nguo zimewashuka kwa mikunjo mirefu, na paa lote liko juu yao. Goti moja wamelilegeza kidogo, kama mtu anayesubiri zamu yake kwenye mashine ya kusaga. Nikatazama vichwani. Kuna kitu cha duara, kama kata, ile tunayoviringisha kwa majani makavu ya mgomba tukitaka kubeba mzigo. Hapo nikawapenda. Nikasema hawa kazi wanaijua.

"Lakini mikono iko wapi?"

"Ilivunjika mama, ni wa zamani sana."

"Wangu wawe na mikono. Mwanamke wa Karagwe asiye na mikono atapalilia kwa meno?"

Fundi akaja kutoka Kamuli. Mtu mzima, mpole, anayeongea kwa sauti ya mtu aliyechelewa kuingia kanisani. Anajulikana kwa maua ya saruji kwenye kuta za watu, na ndiye aliyemtengeneza Bikira Maria wa kigango kimoja cha Wakatoliki kule kwao. Akaishika simu kwa mikono miwili, akaninong'oneza, "Mama, hawa kwenye picha hawana mikono. Nikiweka, si nitakuwa nimemharibia kijana ramani yake?"

Nami nikamnong'oneza, maana sauti yake inaambukiza, "Usipoweka, watu watasema kwangu tunakata watu mikono."

Akaweka.

Wanawake wa saruji walikuwa wameshafika kiunoni, sketi na miguu tu vimesimama mlangoni, siku binti yangu aliposhuka kwenye bodaboda, mtoto mgongoni, begi mbele. Ameolewa Kibingo, kule Kyerwa. Mtu aliyekuja kusalimia hubeba mfuko mdogo. Begi lile lilikuwa na mpaka masufuria. Sikumuuliza salamu za huko, nilimpokea mtoto nikaweka maji jikoni.

Alipokunywa chai akasema. Alikuwa na homa, homa ile ya kutetemeka mpaka meno yanagongana. Mumewe akaja na wageni, akamwambia awapikie. Akapika ameshika ukuta. Wageni waliposhiba akamwambia mumewe, mbele yao, kwamba amechoka na anaumwa. Mkwe wangu ana sauti nzito, ya kutokea kwenye pipa. Binti yangu aliiga sauti hiyo vizuri, kipaji amekirithi: "Mke wangu, si ndiyo maana tunasema mwanamke ni nguzo ya nyumba?" Wageni wakapiga makofi.

"Walipiga makofi, mama. Na mimi natetemeka." Akaweka kikombe chini. "Nguzo haiambiwi pole."

Nikamwongezea chai.

Sasa kwetu mke akirudi nyumbani kwao hivyo, mume humfuata. Anakuja na mtu mzima wa upande wake, wanabeba rubisi, pombe yetu ya ndizi, wanaingia sebuleni, wanakaa, kosa linasemwa, mke anaulizwa. Asipoingia sebuleni, hajaja. Hata akikaa uani mpaka kuku walale, hajaja. Na kwa desturi anayeongea ni yule mtu mzima, mume kazi yake ni kuangalia viatu vyake kwa majuto. Binti yangu akasema hiyo hataki.

"Aingie kwa miguu yake, aseme kwa mdomo wake. Baba yake mdogo asimsemee. Akishindwa kuingia na kusema, mimi sirudi Kibingo."

Nikaogopa. Binti yangu huyu neno lake hulipigilia msumari, na ukitaka kulitoa utavunja ubao. Na mimi mkwe wangu nampenda. Nampenda ingawa namfahamu kwa mgongo tu. Sisi wa zamani, mama mkwe na mkwe wa kiume hawatazamani usoni. Tukikutana njiani mimi najifunika kanga, yeye anaingia kwenye migomba ya watu anasubiri nipite. Vijana wa leo wameshayaacha hayo, wanawakumbatia mama wakwe zao na kupiga nao picha. Huyu wangu amelelewa na bibi yake, ameyameza yote. Siku moja sokoni Kayanga aliniona kwenye vitunguu, akapiga mbizi nyuma ya meza ya dagaa, muuza dagaa akapiga kelele akidhani ni mwizi. Akatoka huko amejipaka magamba mpaka kwenye nyusi. Hivyo ndivyo nilivyosimuliwa, maana mimi nyusi zake sijawahi kuziona.

Tukasubiri. Fundi akaendelea kupanda, akafika kifuani. Binti yangu alikuwa anakaa kwenye ngazi ananyonyesha, anawatazama wale wanawake wasio na vichwa. Siku moja kaka yake akapiga simu kuulizia kazi, dada mtu akaichukua.

"Hawa ni kina nani hasa?"

Kosa. Mwanangu huyo ukimuuliza swali ni kama umefungulia ng'ombe zizi. Tulimweka kwenye spika. "Swali zuri sana," akaanza, na mimi nikamwiga mdomo tu bila sauti, fundi akageukia ukutani acheke. "Nguzo iliyochongwa kwa umbo la mwanamke inaitwa kariatidi. Maana yake, mwanamke wa Karya. Karya ni kijiji cha zamani cha Wagiriki, nacho kilipewa jina kwa sababu ya miti fulani ya kokwa iliyokuwa imejaa huko."

"Yaani anaitwa kwa kijiji alikotoka," binti yangu akasema. "Kama mimi wanavyoniita huko Kibingo, yule wa Bugene."

"Hivyohivyo."

"Sasa wa Karya walifanya nini mpaka wakabebeshwa nyumba?"

Mwanangu akakohoa. Nikajua hapo kuna jambo. "Kuna mjenzi mmoja wa Roma, wa kale sana, aliandika habari zao. Alisema watu wa Karya waliungana na adui, Waajemi, dhidi ya Wagiriki wenzao. Vita ilipoisha kijiji kikateketezwa, wanaume wakauawa, wanawake wakachukuliwa utumwa. Walikuwa wake wa watu wakubwa, wakakatazwa kuvua nguo zao za heshima, ili kila anayewaona utumwani akumbuke walikuwa nani. Ndipo wajenzi wakawachonga kwenye majengo wakiwa wamebeba mzigo, aibu yao isije ikasahaulika."

Fundi aliacha mwiko hewani.

"Kwa hiyo," nikasema, "umeniwekea wafungwa mlangoni."

"Mama, subiri, sijamaliza! Wasomi wengine hawaiamini hiyo. Wanasema wanawake wa namna hii walikuwa wanachongwa hata kabla ya vita hiyo. Wanasema huenda ni mabinti wa Karya waliokuwa wakimchezea ngoma mungu wao wa kike, wamebeba vikapu kichwani. Yaani ni ngoma, mama. Si adhabu."

"Ipi ya kweli?" dada yake akauliza.

"Haijulikani."

"Umesoma miaka yote hiyo, unakuja kutuambia haijulikani?"

"Ndiyo usomi wenyewe, dada."

Binti yangu akamrudishia baba yake simu. Akaitazama sketi ya saruji, akasema polepole, "Mimi naijua ya kweli. Wameonewa hawa. Mtu anayecheza ngoma hakazi shingo hivyo."

"Inategemea ngoma," nikamwambia. "Siku ya harusi yako nilicheza na kikapu cha ndizi kichwani, shingo ikakaa hivyo mpaka tukamaliza mabaki ya pilau."

Akatabasamu upande mmoja wa mdomo. Lakini jibu langu mwenyewe halikuniridhisha, nikaenda nalo jikoni. Nimebeba mikungu ya ndizi nikilia, nimebeba mikungu ya ndizi nikiimba. Mkungu haukuwahi kujua tofauti. Shingo ilijua. Sasa wewe uliyesimama barabarani ukiniona napita na mkungu, utajuaje ni siku ipi? Labda hata huyo mjenzi wa Roma alikuwa amesimama barabarani tu.

Kufika usoni, fundi akakwama. Uso aliokuwa anaujua ni mmoja, wa Bikira Maria. Mzee wangu ni Mlutheri wa kukaa benchi la mbele. Akasema, "Hapana." Fundi akakaa chini na donge la udongo wa mfinyanzi, maana uso ilibidi auchonge kwanza kwenye udongo, halafu autolee fomu, saruji imwagwe humo. Akakaa, anazungusha donge, anatazama migomba, anatazama mbuzi. Mimi niko mbele yake namenya ndizi, namchekesha. Namwigia mchungaji akitangaza mchango, namwigia mwenyekiti wa kitongoji akitangaza mkutano ambao yeye mwenyewe hatakuja. Sikujua kwamba ananiangalia kwa kazi.

Siku alipofungua zile fomu, nilikuwa mimi. Kushoto mimi, kulia mimi, maana fomu ilikuwa moja. Mashavu yangu, kovu dogo la kidevuni, na jicho hili la kushoto ambalo hutangulia kucheka. Jirani yangu alikuja akasema "Shikamoo" kwa saruji, saruji isipoitika akaenda kunisengenya kwamba nimeanza majivuno. Mzee wangu alizunguka, akaangalia huyu, akaangalia yule, akaniangalia mimi. Akasema, "Wamekuwa watatu." Akaenda mpaka kwenye kahawa zake, akarudi. "Mmoja alinitosha."

Nikacheka mpaka nikakaa. Nilifurahi, kwa nini niseme uongo? Tulifurahi wote, fundi akala ndizi na maharage akaenda zake Kamuli, na hakuna hata mmoja wetu, mimi wala mzee wala binti, aliyefikiria kwamba mlango ule atakuja kuupita mkwe.

Habari ikaja kwamba wanakuja. Tukatandaza nyasi mpya sebuleni, tukachemsha kahawa ya kutafuna, ile ya punje nzima, mzee akavaa koti. Mimi na binti yangu tukajifungia chumba cha ndani. Chumba hicho dirisha lake linatazama mbele, kwenye ngazi za baraza, na pazia lake lina tundu ambalo siku zote nasema nitalishona.

Wakashuka kwenye bodaboda. Mbele baba mdogo wa mkwe, mtu mnene wa kofia, anayepiga hatua kama amekuja kukagua barabara. Nyuma yake mkwe wangu, amebeba dumu la rubisi, kichwa chini, kama inavyotakiwa. Akaja hivyo hivyo kichwa chini mpaka kwenye ngazi. Hapo akainua macho.

Sijawahi kuona mtu mzima akipotea namna ile. Dumu lilibaki peke yake kwenye ngazi. Yeye alikuwa ameshaingia kwenye mibuni, na mibuni ile ni mifupi, kwa hiyo mgongo ulibaki nje.

"We!" baba mdogo akaita. "Umekanyaga nini?"

Sauti ya pipa ikatoka kwenye majani. "Mama mkwe yuko mlangoni."

"Wapi?"

"Pande zote mbili."

Baba mdogo akasogea, akatazama. Alikuwa na kicheko tayari mdomoni, nikakiona kinavyokufa. Akavua kofia. "Ah," akasema. "Mm." Akagusa mkono wa saruji kwa kidole, akakirudisha haraka. "Ni saruji, mwanangu."

"Saruji, lakini ni yeye."

"Ndiyo, lakini ni saruji."

"Baba mdogo, wewe ungepita chini ya kwapa la mama mkwe wako?"

Baba mdogo akarudisha kofia kichwani.

Mzee wangu akatokea barazani kati ya wale wake zake wawili. "Karibuni ndani."

"Tumekaribia mzee, shikamoo," baba mdogo akaitikia. "Kuna shida kidogo ya, ya jengo. Hapana mlango mwingine?"

"Wa nyuma unapitia jikoni. Mama mwenyewe huwa yuko huko."

"Dirisha?"

"Dirishani huingia mwizi."

Mimi kwenye tundu langu nilikuwa nimeuma upindo wa kanga nisitoe sauti. Nilikuwa nacheka, halafu nikamgeukia binti yangu, kicheko kikaniisha. Alikuwa amekaa juu ya sanduku langu la nguo, mtoto mapajani, uso ameukunja.

"Unaona?" akasema. "Anatafuta sababu."

Mzee huko nje alikuwa amepata wazo. Akasema kwa sauti ya kusikika ndani, "Leteni kanga tuwafunike."

Wazo zuri. Ningejifunika mwenyewe kama ningekuwa na uhai pale nje, ndivyo inavyofanywa. Nikanyoosha mkono kwenye sanduku. Binti yangu hakuinuka.

"Ondoka nitoe kanga."

"Sitoki."

"Mwanangu, huyo haogopi saruji. Ananiheshimu mimi."

"Najua anakuheshimu wewe!" Akasahau kunong'ona, na dirisha lilikuwa wazi. "Sura yako tu ikiwekwa kwenye saruji anaruka kwenye mibuni. Mimi nilikuwa mzima, nina homa, nimesimama mbele yake. Aliniona mimi?"

Niliketi kitandani. Ningetoka nikamsihi mkwe, siruhusiwi kumtokea. Ningempigia kelele dirishani, siruhusiwi. Kazi yangu ilikuwa ni kusimama pale mlangoni, mara mbili, nimemziba binti yangu njia.

Nikarudi kwenye tundu. Mgongo wa mkwe wangu ulikuwa haujasogea, lakini kichwa kilikuwa kimeinuka. Alikuwa amesikia. Halafu akatoka kwenye mibuni kinyumenyume.

"Baba mdogo," akasema, "nielekeze."

"Nikuelekeze nini?"

"Sitawatazama. Nitaingia kwa mgongo. Wewe nielekeze."

Nisikilizeni vizuri hapa, maana tangu siku hiyo hii ndiyo naombwa kuiiga kwenye kila harusi. Baba mdogo huyo ujana wake wote alikuwa utingo wa Fuso la ndizi. Alipoona mtu anarudi nyuma, damu ikamkumbuka. Akarudi barazani, akapanua miguu, akapiga ukuta kwa kiganja, pa, pa.

"Rudi! Rudi, rudi, rudi... kata kulia. Kulia kwako, si kwangu! Rudi. Kuna ngazi, panda. Panda tena. Taratiibu, kushoto una mama mkwe, usimguse mama mkwe! Nyoosha. Nyoosha sasa, kulia naye yupo. Bana mabega. Njoo, njoo, njoo..."

Mkwe wangu anakuja, macho kwenye migomba, mikono imebanwa mapajani, miguu inapapasa kama ya kuku kwenye giza. Barabarani watu walikuwa wameshasimama. Dereva wa bodaboda amekaa kwenye pikipiki yake mikono kichwani. Mzee wangu, mtu wa benchi la mbele, alikuwa ameelekeza uso ukutani na koti linatikisika.

"...njoo, kizingiti, inua mguu... ya-ya-ya... simama! Umeingia."

Nikageuka nimwambie binti yangu. Juu ya sanduku hapakuwa na mtu. Mtoto alikuwa kitandani kwangu, na mlango wa kuingilia sebuleni uko wazi.

Mkwe hakujua. Alikuwa amesimama ndani ya sebule amewapa wote mgongo, anatazama nje, na sasa wale wanawake wa saruji nao wamempa mgongo yeye. Baba mdogo akafungua mdomo kuanza hotuba yake, mzee wangu akamshika mkono. Basi mkwe akaanza mwenyewe, kwa ile sauti ya pipa, na kwa kuwa alikuwa ameelekea nje, walio barabarani walisikia kila neno.

"Mzee, nimekuja kwa mke wangu. Nilimwona anatetemeka. Nisiseme sikumwona, nilimwona. Niliona aibu mbele ya wageni kwamba chakula kitachelewa, nikafanya ni mzaha. Akashika ukuta, na mimi nikacheka. Nilikosea. Yule niliyemwita nguzo. Sikumwambia hata pole. Nilidhani nikisema pole wataniona nimeshindwa nyumba yangu."

"Geuka," binti yangu akasema.

Mgongo ukashtuka. "Mama hayupo hapo?"

"Mama yuko ndani. Ni mimi na baba. Geuka uniambie mimi, si migomba."

Akageuka. Mimi nikarudi nyuma ya mlango, uso wake sikuuona, desturi ni desturi. Nilisikia tu sauti ikishuka kutoka kwenye pipa mpaka kwenye kikombe. Alichosema hapo sikukisikia, na ninawashangaa wanaonihadithia kwamba wao walikisikia kutoka barabarani.

Kahawa ikatafunwa. Rubisi ikaletwa kutoka kwenye ngazi. Binti yangu akaulizwa na baba yake kama inavyotakiwa, unarudi au hurudi, akasema, "Narudi. Lakini nina neno."

Baba mdogo akashika kofia yake kwa wasiwasi.

Mke akirudishwa kwa mumewe hatoki mikono mitupu. Kapu lilikuwa tayari jikoni, nilikuwa nimelijaza kwa siri tangu asubuhi, hata kabla sijajua kama litaondoka. Ndizi, maharage mapya, viazi, juu yake jogoo amefungwa miguu. Mzigo huo huubeba mke kichwani mpaka barabarani, watu waone kwamba kwao wanamthamini. Binti yangu akaja jikoni, akaviringisha kata kwa majani makavu, vizuri, bila haraka, akailinganisha kwa kiganja. Mimi nikainama nimtwishe, niinue naye kapu, kama tunavyosaidiana siku zote. Akaniambia, "Si mimi, mama." Akabeba kapu kwa mikono akaenda nalo sebuleni.

Wanaume wa Kibingo mizigo yao ni ya baiskeli, si ya kichwani. Nikamsikia binti yangu akisema, "Inama kidogo, wewe ni mrefu." Nikamsikia jogoo akilalamika. Nikakimbilia kwenye tundu, magoti yakilia.

Wakatoka. Yeye mbele, kapu kichwani, mikono yote miwili juu kulishika, shingo imekaza mishipa imesimama, anapita katikati yangu mimi na mimi. Baba mdogo anamzunguka, "Usigeuze kichwa, jogoo ataanguka! Na nyuma usitazame, wapo!" Binti yangu anafuata na mtoto mgongoni, begi amemwachia baba mdogo, mikono yake inaning'inia tu. Hakuwa amezoea kutembea nayo hivyo. Alikuwa anaitikisa, anaiangalia.

Kwenye kona ya kibanja, shamba letu la migomba, mkwe alisimama. Akashusha pumzi, na ile sauti nzito ikanifikia nyembamba kabisa.

"Mke wangu, hiki kitu ni kizito."

"Tembea, baba," akamwambia. "Barabara iko palee."